Mtakatifu Yared wa Aksum, Mwalimu wa Waimbaji



Kurasa zilizotangulia zimewakumbuka waanzilishi wa kwaya yetu, na wengi wao bado tunao, Mungu asifiwe. Ukurasa huu ni wa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Alifariki zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Hakufika Thika wala Ruiru, wala hakuimba wimbo hata mmoja tunaoujua. Lakini tukiuandika ukoo wa waimbaji wa Kanisa katika upande huu wa Afrika, yeye ndiye babu. Jina lake ni Yared.

Tumemleta hapa kwa ajili ya watoto. Tulipokuwa tukijiandaa kwa Jubilii hii, tuliwauliza watoto wa PMC, Jumamosi moja baada ya mafundisho, uimbaji wa kanisani ulianzia wapi. Wengine walisema mbinguni, na hilo hatukuweza kulipinga. Wengine walimtaja Mfalme Daudi. Tulipouliza kuhusu Afrika, karibu wote walijibu kwamba sisi tulifundishwa na wamisionari waliokuja na meli. Si kosa lao. Tumewafundisha Matendo ya Mitume, kisha tukaruka hadi Mombasa, Bagamoyo na Mashahidi wa Uganda. Katikati tumeacha pengo la karibu miaka 1,800, kana kwamba Roho Mtakatifu alikuwa amelala. Zile karne ziitwazo Zama za Kati, kuanzia karne ya 5 hadi ya 15 hivi, hatuzitaji kabisa. Na tukizitaja, tunasimulia Ulaya peke yake.

Basi tuanze na barabara yetu wenyewe. Kila mtoto wa Ruiru na Thika anaijua barabara ya Thika, na wengi hudhani kazi yake ni kutupeleka Nairobi na kuturudisha jioni. Ukiifuata upande ule mwingine, upite Sagana na Karatina, Nanyuki na Isiolo, kisha Marsabit na nyika yake, baada ya zaidi ya kilomita 700 utafika Moyale, mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Ethiopia. Endelea kaskazini, upite Addis Ababa, upande milima na kuteremka mabonde, na karibu na mpaka wa Eritrea utaukuta mji mdogo wa Aksum. Hujavuka bahari yoyote. Huko ndiko Yared alikozaliwa.

Tena kuna jambo ambalo watoto wa mashamba ya kahawa hulielewa upesi. Kahawa yetu ya arabika asili yake ya kale ni misitu ya Ethiopia, kwa jirani. Lakini haikutufikia kwa barabara hiyo ya Moyale. Ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, ikazungushwa ulimwenguni, hata ikaja kupandwa na mapadre Wafaransa huko Bura, Taita, mwaka 1893. Leo kuna aina inayobeba jina la mji wetu, Ruiru 11. Injili nayo ilikaa kwa jirani karne nyingi, kisha ikatujia kwa njia ya mzunguko. Aliyetuletea tunamshukuru. Hilo halitukatazi kumwuliza jirani habari za shamba la kwanza.

Aksum ya wakati huo haikuwa mji mdogo. Ilikuwa makao ya ufalme uliojulikana hadi Roma na Uajemi. Meli ziliingia bandari yake ya Adulis, kwenye Bahari ya Shamu, na wafalme wake walipiga sarafu zao wenyewe za dhahabu. Minara yao ya mawe, kila mmoja umechongwa kutoka jiwe moja, baadhi ingali imesimama hadi leo. Katika karne ya 4 Mfalme Ezana alimpokea Kristo, na kwenye sarafu, mahali palipokuwa na alama za miungu ya kale, akaweka msalaba. Ni kati ya watawala wa kwanza duniani kufanya hivyo.

Na imani ilifikaje huko? Ililetwa na vijana wawili. Frumentius na nduguye Aedesius walikuwa wenyeji wa Tiro, ule mji wa Biblia, nao walikuwa safarini na mwalimu wao. Meli yao iliposimama pwani kutafuta maji, ilishambuliwa na watu wakauawa, wakabaki hao wawili tu. Walipelekwa kwa mfalme wa Aksum kama watumishi. Wakakulia humo ikulu, wakaaminiwa, wakawakusanya wafanyabiashara Wakristo wasali pamoja. Baadaye Frumentius alikwenda Aleksandria kumwomba Mtakatifu Athanasius atume askofu Aksum, na Athanasius akaona hakuna anayefaa zaidi ya mwombaji mwenyewe. Alimweka wakfu na kumrudisha. Waethiopia humwita Abba Salama, yaani Baba wa Amani.

Yared alizaliwa karibu miaka 150 baada ya hapo. Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia huweka kuzaliwa kwake mwaka 505. Kanisa lilikuwa tayari na mizizi: watawa waliishi milimani, na Maandiko yalikuwa yakisomwa kwa Kige'ez, lugha ya watu wa huko. Katika monasteri ya Abba Garima, si mbali na Aksum, bado kuna vitabu vya Injili vilivyoandikwa kwenye ngozi katika karne hizo za kwanza, vyenye picha za rangi, na ni miongoni mwa vitabu vya Injili vyenye picha vilivyo vya kale kuliko vyote duniani. Mfalme alikuwa Kaleb, ambaye Kanisa Katoliki nalo humhesabu mtakatifu kwa jina la Elesbaan. Mwanawe, atakayeingia baadaye katika habari hii, aliitwa Gebre Meskel, maana yake Mtumishi wa Msalaba.

Baba yake Yared alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama mjane akampeleka kwa jamaa yao, Abba Gedeon, ambaye wasimuliaji wengi humwita mjomba wake. Gedeon alikuwa padre na mwalimu katika kanisa la Mtakatifu Maria wa Sayuni, kanisa kuu la Aksum. Kwa mjane, hii ilikuwa bahati. Mtoto atakula, atalala pazuri, na atasoma.

Masomo yenyewe hayakuwa ya mchezo. Mtoto alianza na herufi, kisha akaingia Zaburi za Daudi, azijue kwa moyo, zote 150, moja baada ya nyingine. Mwalimu alitamka, watoto wakarudia. Hivyo ndivyo watoto wengi wa shule za Kanisa la Ethiopia wanavyosoma hadi leo. Wenzake Yared walisonga mbele. Yeye hakushika kitu. Alichokariri asubuhi kilikuwa kimepotea kufikia jioni. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Wenzake walimcheka. Gedeon, ambaye pengine aliona aibu kuliko mtu mwingine yeyote kwa kuwa mtoto alikuwa wa kwake, alimwadhibu kwa fimbo. Mtoto akaamua kwamba yametosha. Akatoroka.

Jua lilikuwa kali, kisha mvua ikamkuta njiani, naye akajikinga chini ya mti. Hapo alipokaa, amechoka na hajui aelekee wapi, aliona kiwavi akipanda shina la mti ule. Kiwavi alifika mahali fulani, akaanguka. Akaanza tena kutoka chini, akaanguka tena. Yared hakuwa na kazi nyingine, akamwangalia. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Wasimuliaji wanasema alianguka mara 6, na mara ya 7 akafika juu akala majani aliyokuwa akiyatafuta.

Ninaposimulia sehemu hii, watoto hunyamaza. Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu mzima katika kisa hiki anayemkemea Yared chini ya mti, wala malaika hatokei. Ni mtoto na mdudu tu. Yared aliona kwamba kiwavi hakuwa na akili kuliko yeye, wala nguvu, na hakuna aliyemshangilia. Akasimama, akarudi njia ile ile aliyoijia, akaenda kwa Gedeon na kumwomba msamaha, akamwomba amfundishe upya. Mapokeo yanasema kwamba alisali kwa machozi, na Mungu akamfungua akili. Zile Zaburi zilizomshinda miaka yote akazimaliza, kisha vitabu vya Agano la Kale na Jipya, naye akapewa ushemasi angali kijana mdogo.

Hapa naomba nafasi kidogo. Wapo kati yetu ambao utotoni, siku ya Noeli, waliambiwa wafungue midomo tu bila kutoa sauti, wasije wakaharibu wimbo. Nawajua wawili. Mmoja hajaimba tangu siku hiyo, hata nyumbani kwake. Mwingine ni besi ambaye bila yeye Misa ya Pasaka ingekuwa taabu. Kwa hiyo, kwa kila mtoto tunayemwondoa mstarini kwa kuwa hashiki sauti, tungoje kidogo. Huenda tunamtazama akiwa bado kwenye mara ya tatu au ya nne.

Sasa tunafika kwenye ndege. Mapokeo yanasema kwamba siku moja Mungu alimpelekea Yared ndege watatu kutoka Bustani ya Edeni, nao wakazungumza naye kwa lugha ya wanadamu, wakamchukua hadi Yerusalemu ya mbinguni. Huko alisikia jinsi wale wazee 24 wa kitabu cha Ufunuo wanavyomwimbia Mungu. Aliporudi, saa tatu asubuhi, aliingia kanisa la Maria wa Sayuni na kuimba kwa sauti kuu wimbo ambao Aksum ilikuwa haijausikia. Kabla ya hapo, wasimuliaji wanasema, sala zilisomwa kwa sauti ya chini tu, bila lahani. Mapadre walitoka, watu wakaja mbio kutoka sokoni, na mfalme mwenyewe akaja, wakasimama wakimsikiliza.

Mtoto wa miaka 12 ataniuliza kama ndege hao walikuwa wa kweli, na ni swali zuri. Maisha ya Yared yaliandikwa karne nyingi baada yake, na watu waliompenda. Kanisa la Ethiopia linaposema kwamba alijifunza mbinguni, linaungama kwamba wimbo wa kanisani si mali ya aliyeutunga. Ninawaambia watoto hivyo, na ninawaachia ndege wao. Tusiwatie chumvi wala tusiwanyang'anye.

Kitu kimoja hakina shaka: uimbaji ulioitwa kwa jina lake upo, na ni mkubwa ajabu. Una namna 3 za lahani. Ya kwanza huitwa ge'ez, kama lugha yenyewe. Ni nzito na imenyooka. Ya pili ni ezl, ya upole na taratibu, nayo husikika sana katika mfungo na mazishi. Ya tatu ni araray, nyepesi, ya kupanda juu, ya sikukuu. Waethiopia huzilinganisha hizo tatu na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwanakwaya yeyote anaelewa habari hii bila kufundishwa. Sisi pia hatuimbi Ijumaa Kuu kama tunavyoimba usiku wa Pasaka, na anayethubutu kuingiza Aleluya katikati ya Kwaresima anajua macho ya mwalimu wa kwaya yatakavyomgeukia.

Kitabu kikuu cha nyimbo hizo kinaitwa Deggua. Kimefuata mwaka wote wa Kanisa, msimu kwa msimu na sikukuu kwa sikukuu, na maneno yake yamefumwa kutoka Maandiko na mafundisho ya mababa wa Kanisa. Kwaresima ina kitabu chake cha pekee. Kuna nyimbo za Komunyo, na kuna za kuwaombea marehemu. Yote hayo mapokeo huyaweka mikononi mwa Yared. Wataalamu husema Deggua ilikua kwa karne nyingi, mtunzi huyu akiongeza hapa na yule pale, na sioni kama hilo linampunguzia chochote. Vitabu vyetu vya nyimbo vina watunzi wangapi?

Nieleze pia jambo ambalo tukilisema vibaya tutawadanganya watoto. Kuna watu wanaopenda kusema kwamba Yared ndiye mtu wa kwanza duniani kutunga nyimbo za Kanisa. Sivyo. Mtakatifu Efrem aliimba na kwaya zake huko Siria, na Mtakatifu Ambrosio huko Milano, wote katika karne ya 4. Yared hahitaji kupewa nafasi ambayo si yake. Inatosha kusema kwamba alikuwa ameshafariki Papa Gregori Mkuu, yule ambaye uimbaji wa Kilatini umepewa jina lake, alipochaguliwa mwaka 590. Na inatosha kusema kwamba katika karne hiyo hiyo ya 6, jirani na Ethiopia, falme za Nubia kando ya mto Nili, katika nchi ambayo leo ni Sudan, zilikuwa zikibatizwa. Mtoto akiyajua hayo mawili tu, hataweza tena kusema kwamba Kanisa la Zama za Kati lilikuwa la Ulaya peke yake.

Siku iliyomfanya Yared asisahaulike ni siku ya mkuki. Gebre Meskel alikuwa sasa ndiye mfalme, na alipenda kusimama karibu na Yared wakati wa kuimba. Siku hiyo alikuwa ameshika mkuki wake, akiuegemea. Yared akaimba, na mfalme akazama katika wimbo kiasi kwamba ncha ya mkuki ilishuka juu ya mguu wa Yared na kuuchoma. Damu ikatoka. Mfalme hakuona. Yared naye hakusikia maumivu, akaendelea hadi mwisho wa wimbo. Ndipo wote wawili wakatazama chini. Wachoraji wa Ethiopia wamekichora kisa hiki mara nyingi: mfalme na mkuki, Yared amesimama na fimbo yake, ndege watatu juu ya mti, na njuga mikononi mwa waimbaji.

Njuga hizo, fimbo hizo na ngoma ndivyo vyombo vya uimbaji wao hadi leo. Mwimbaji hushika fimbo ndefu ya sala, ambayo huiegemea katika ibada ndefu na kuiyumbisha kwa mapigo. Mkono mwingine una njuga ya chuma inayolia kama kayamba yetu, ila kwa mlio mwembamba zaidi. Ngoma kubwa huvaliwa shingoni, na kamba zilizoizunguka huwakumbusha waumini mijeledi aliyopigwa Bwana. Wanaanza polepole, wanainama na kuinuka, na mwendo unaongezeka hadi kanisa zima linapiga makofi. Wazee wetu wanakumbuka wakati ngoma ilipokuwa haramu kanisani hapa kwetu, ikihesabiwa kuwa chombo cha upagani, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango. Katika kanisa la Yared ngoma haikuhitaji kufunguliwa mlango. Tunapowafundisha watoto wetu kucheza mbele ya altare siku ya matoleo, waambieni hivyo.

Mfalme alipouona mguu ule alijuta. Akamwahidi Yared kwamba atampa chochote atakachotaka. Fikirini angeweza kuomba nini: ardhi, cheo, nyumba karibu na ikulu. Yared aliomba ruhusa ya kuondoka. Alitaka kwenda kuishi katika upweke, asali na kufundisha. Mfalme alisikitika, kwa kuwa alikuwa akimpoteza mwimbaji wake, lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwake. Yared akaliaga kanisa la Maria wa Sayuni, akaenda milima ya Semien.

Tukitazama Mlima Kenya asubuhi isiyo na mawingu kutoka upande wa Thika, tunaweza kuwaza kidogo mahali hapo. Milima ya Semien ina kilele cha zaidi ya mita 4,500, ina majabali yaliyokatika ghafla na mabonde ambayo huoni chini yake, na usiku baridi hugandisha maji. Huko alisali, akafunga, na wanafunzi wakamfuata. Mimi naipenda sehemu hii kuliko ile ya ikulu, ingawa ina habari chache. Mtu aliyemsimamisha mfalme kwa sauti yake alimaliza siku zake akirudia mstari mmoja mara 10, mara 20, mbele ya vijana waliokuwa bado wanakosea. Yeyote aliyewahi kufundisha sauti ya tatu jioni ya Alhamisi ameonja kidogo mlima huo.

Mapokeo huweka kifo chake mwaka 571, na yanasema kwamba Mungu alimficha. Hakuna kaburi la kutembelea.

Palipo na wanafunzi palibaki nyimbo. Karne kwa karne, mwalimu alimwimbia mwanafunzi na mwanafunzi akaimba kile alichosikia, na kumaliza masomo hayo kulichukua miaka mingi. Kisha ikaja karne ya 16 na vita vikubwa, kuanzia 1529 hadi 1543, ambamo makanisa mengi ya Ethiopia yalichomwa moto pamoja na vitabu vyake. Kanisa la Maria wa Sayuni nalo liliangushwa. Lakini nyimbo hazikuungua, kwa sababu hazikuwa kwenye rafu. Zilikuwa vichwani mwa watu waliofundishwa wakiwa watoto. Baada ya vita, wakati wa Mfalme Gelawdewos, walimu wawili, Gera na Raguel, walipanga vizuri alama ndogo zinazoandikwa juu ya maneno ili kumkumbusha mwimbaji lahani. Alama hizo zinatumika hadi leo.

Ulaya nayo ilikutana na taabu ile ile, ya watoto wasioshika nyimbo. Katika karne ya 11, huko Arezzo nchini Italia, mtawa aitwaye Guido aliona wavulana wa kwaya wakipoteza miaka wakikariri. Alipanga noti kwenye mistari, na akachukua silabi za mwanzo wa mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kila mstari ukianza juu kidogo ya uliotangulia: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do. Katika karne ya 19, Mwingereza John Curwen alieneza solfa kwa ajili ya shule za watoto, na wamisionari wakaileta Afrika. Kwa hiyo zile karatasi zetu za solfa, zilizonakiliwa kwa kalamu na kunakiliwa tena hadi hazisomeki, nazo ni watoto wa Zama za Kati. Ukimwonyesha mtoto d, r, m ubaoni, tayari umeanza somo la historia ya Kanisa, hata kama hukukusudia.

Hapo ndipo habari ya Yared inatugusa sisi wa Jubilii hii. Katika miaka 25 kwaya yetu imeimba nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Baadhi zilitungwa na wenzetu waliotutangulia mbele ya haki. Daftari moja lililowa mvua, lingine lilipotea katika kuhama nyumba, na nyimbo tatu au nne zimebaki kwa akina mama wawili wa soprano ambao wakianza tunafuata. Kamati imeamua kwamba kuanzia mwezi ujao akina mama hao watakaa na watoto nusu saa kabla ya mazoezi, waziimbe mpaka watoto wazishike. Kuziandika tutaziandika, na simu zitarekodi. Lakini simu zimeibwa nyingi hapa kwetu, na daftari mmeshasikia.

Waethiopia humkumbuka Mtakatifu Yared tarehe 11 ya mwezi wao wa Ginbot, ambayo kwetu ni 19 Mei. Shule ya muziki ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa imepewa jina lake. Na vijijini, kando ya makanisa, bado utawakuta watoto wamekaa chini mbele ya mwalimu, yeye akitamka, wao wakirudia.

Tulipomaliza kuwasimulia watoto wetu habari hii yote, tulitegemea waulize kuhusu ndege, au mkuki. Msichana mmoja wa darasa la tano aliinua mkono akauliza kama Abba Gedeon naye alimwomba Yared msamaha kwa zile fimbo. Nilimjibu kwamba mapokeo yanasema Yared aliomba msamaha, na kwa upande wa Gedeon hayasemi. Alifikiri kidogo, akaketi, nasi tukaendelea na mazoezi.